Mama alifungua kamba za mbuzi kabla hatujakimbia

Vijana wenzangu, na ninyi kaka na dada mnaofanya kazi kwenye mashirika, leo naomba tuongee habari za mbuzi. Najua kuna mtu atacheka. Mgao wa chakula umepungua, jua linachoma, watu wanangoja majibu ya safari miaka na miaka, halafu huyu anatuletea mbuzi! Nivumilieni kidogo.

Nilikuwa na miaka 9 usiku ule tulipotoka kijijini kwetu, Kivu Kusini. Baba alikuwa ametangulia na mdogo wangu mgongoni, mimi nimebeba sufuria. Tulipofika kwenye migomba mama akarudi nyuma mbio. Baba akamwita kwa sauti ya chini, mama hakuitika. Tulidhani amesahau pesa, au vitambulisho. Kumbe alikwenda zizini. Tulikuwa na mbuzi sita, kila mmoja amefungwa kwa kamba yake. Mama aliwafungua mmoja mmoja gizani, na huko ng'ambo ya kilima risasi zinasikika. Watano walibaki pale wanashangaa. Wa sita alitufuata. Alitufuata hadi mtoni, mpaka mama akaokota mawe akawa anamrushia ili arudi. Alikuwa anarusha huku analia.

Baadaye, tukiwa tayari huku Kenya, nilimuuliza kwa nini alihatarisha maisha yake. Akanijibu kwa Kiswahili chetu cha kule: "Niliziachilia juu zisikufe kwa kamba. Vita haikuwa yao."

Hilo ni jambo la kwanza. La pili nalisema kwa aibu, kwa sababu nilikuwemo.

Nilipokuwa mkubwa nilifanya kazi ya ukalimani kwenye mahojiano. Siku moja alikuja koko mmoja, mama mzee wa kutoka milimani kwetu. Akaulizwa alipoteza nini. Akataja watu wake kwanza, tukanyamaza wote. Halafu nyumba, halafu shamba. Halafu akasema ng'ombe. Mhojaji akauliza wangapi. Koko akaanza kuwataja kwa majina. Alikuwa anataja jina, rangi, pembe zake zilivyokuwa, na nani alizaliwa na nani. Mhojaji akatazama foleni, akaniambia: "Mwambie nataka idadi tu." Nikamwambia. "Koko, wanataka idadi tu." Akanitazama kidogo, akasema: "Nane." Kwenye fomu ikaandikwa 8.

Simlaumu yule mhojaji. Foleni ilikuwa ndefu na fomu haikuwa na nafasi. Lakini maneno "idadi tu" yalitoka kinywani mwangu, na mpaka leo yananirudia. Kwa sababu mimi nilijua. Nilishamwona mama yangu mtoni.

Basi maoni yangu ni haya: mkimbizi aliyepoteza mifugo hajapoteza mali tu. Amepoteza uhusiano. Na sisi vijana pamoja na mashirika tunakosea tukiuandika uhusiano huo kama namba kwenye safu ya "mali". Sisemi hivyo kwa huruma tu. Ushahidi upo ardhini, tena sehemu yake uko hapa hapa Turkana tunapoishi.

Wengi wetu tunaiona Turkana kama mahali pa jua na vumbi, mahali ambapo hakuna kitu. Mimi pia niliona hivyo, mpaka niliposoma habari za Lothagam. Lothagam ni sehemu ya miamba iliyo upande wa magharibi wa Ziwa Turkana. Pale kuna makaburi ya zamani sana ambayo wanaakiolojia wameyachimba kwa utaratibu. Akiolojia ni elimu ya kuchimba na kusoma mabaki ya watu wa kale: mifupa yao, vyungu vyao, majivu ya mioto yao. Mwaka 2018 Elisabeth Hildebrand, Elizabeth Sawchuk na wenzao walitangaza waliyoyakuta hapo.

Walikuta jukwaa la mawe la mviringo lenye upana wa mita 30 hivi. Chini yake, katikati, kuna shimo kubwa walimozikwa watu wengi. Kwa makadirio yao ni watu wasiopungua 580. Juu yake zimesimamishwa nguzo za mawe, nyingine zilibebwa kutoka umbali wa karibu kilomita moja. Hiyo kazi ilifanyika kati ya miaka 5,000 na 4,300 iliyopita. Na walioijenga hawakuwa wafalme wala watu wa mjini. Walikuwa wafugaji, wale wa mwanzo kabisa kuleta mifugo katika bonde hili.

Sasa tazama hali yao ilivyokuwa. Miaka ile mvua zilikuwa zinapungua sana. Ziwa lenyewe lilirudi nyuma, likapoteza karibu nusu ya ukubwa wake. Mahali babu zao walipovua samaki palikauka. Watu wanahama, wengine wanakuja na wanyama ambao wenyeji hawajawahi kuwaona, wageni na wenyeji wanakutana kwenye maji yale yale machache. Si unaona inafanana na kitu fulani?

Ungetegemea watu wa namna hiyo wagombane tu, au kila mtu ajitafutie chake. Lakini walikuwa wanarudi mahali pamoja, kizazi baada ya kizazi, kuwazika wapendwa wao pamoja. Wanaume, wanawake, watoto wachanga, wazee, wote humo humo. Karibu kila mtu alizikwa na mapambo yake. Wachimbaji hawakuona dalili kwamba hawa ni wakubwa na wale ni wadogo. Wanafikiri mahali pale palikuwa pa kukutania, watu waliotawanyika na mifugo yao wanakuja kujuana upya.

Na hayo mapambo yalikuwa ya nini? Mengine ni shanga za mawe ya rangi. Mengine ni meno ya kiboko yaliyochongwa. Mtu mmoja alizikwa na pambo kichwani lililotengenezwa kwa meno ya panya wadogo wa jangwani. Meno zaidi ya 400! Hao ni panya zaidi ya 100. Fikiria mtu aliyekaa akikusanya meno madogo vile, pengine miaka, pengine akisaidiwa na watoto wa jirani, halafu akayapanga kwa mpangilio, na alipokufa wenzake hawakuyachukua. Wakamzika nayo.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Panya hana nyama ya maana. Huwezi kusema walimtumia kwa sababu ya njaa tu. Mnyama alikuwa sehemu ya namna mtu anavyojulikana: huyu ni fulani, mwenye taji la meno. Kama ambavyo koko yule alikuwa anajulikana kijijini kwake kwa ng'ombe wake, kila mmoja na jina lake.

Kuna jambo jingine ambalo nikiwasimulia watu kwenye bloku yetu wanabisha. Mbuzi si mwenyeji wa Afrika! Mbuzi na kondoo walianza kufugwa Asia ya Magharibi, miaka kama 10,000 iliyopita. Waliingia Afrika kwa kupitia kaskazini, wakashuka polepole pamoja na watu mpaka wakafika hapa ziwani. Ng'ombe mwenye nundu naye asili ya nundu ile ni Asia. Ngamia, ambaye ndugu zetu Wasomali wanamwimbia usiku kucha, alianza kufugwa upande wa Arabuni. Kuku wa mama yako ametoka Asia ya Kusini-Mashariki. Katika hao wote tunaowaona hapa njiani, punda ndiye mwenye kitambulisho cha Afrika: yeye alifugwa kwanza huku kwetu, upande wa kaskazini-mashariki ya bara hili, na akasambaa kwenda kwa wengine.

Yaani mbuzi unayemwona anapanda juu ya ukuta, ambaye kila mtu anasema ni wa hapa tangu enzi na enzi, naye ukoo wake ulikuja kwa miguu. Alikuja na watu waliokuwa wanahama. Leo nani anathubutu kumwambia mbuzi wa Turkana kwamba yeye ni mgeni? Sisemi hivi kuwafundisha wenyeji wetu kitu, maana ardhi hii ni yao na wametupokea. Nasema hivi kwa ajili ya kijana mkimbizi anayejiona kama kitu kilichotupwa. Kuhama si aibu iliyoanza kwako. Nusu ya vitu vyenye uhai tunavyovipenda vilihama.

Halafu kuna habari ya maziwa. Unaweza kujiuliza, mifupa inaelezaje watu waliishi vipi na wanyama? Iko njia. Kwanza wanatazama umri wa mnyama alipochinjwa, kwa meno yake yalivyolika. Ukikuta madume wengi walichinjwa wakiwa wadogo na majike waliachwa mpaka wazee, unajua hapo watu walikuwa wanakamua. Pili wanapima mafuta yaliyoingia ndani ya udongo wa chungu cha zamani. Tatu, na hii ndiyo ilinishangaza, wanachunguza ukoga, ule uchafu mgumu unaogandamana kwenye meno ya binadamu. Ndani yake hubaki protini za vyakula alivyokula.

Kwa njia hiyo, mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba watu wa Kadruka, huko Sudan, walikuwa wanakunywa maziwa miaka kama 6,000 iliyopita. Na hapa Kenya, kwenye kilima cha Lukenya karibu na Nairobi, kuna mtu aliyeishi zaidi ya miaka 3,000 iliyopita ambaye ukoga wake ulionyesha maziwa ya mbuzi. Maziwa ya mbuzi! Mama yangu nilipomwambia alicheka, akasema: "Sasa walifikiri tulikuwa tunawafuga kwa kutazama?"

Lakini utafiti huo ulionyesha pia kwamba wengi wa watu hao miili yao ilikuwa bado haijazoea kusaga maziwa mabichi wakiwa watu wazima. Walianza kunywa kwanza, mwili ukafuata baadaye, vizazi na vizazi. Maana yake uhusiano ule ulibadilisha hata damu yetu. Kijana wa Kidinka anayekunywa kibuyu kizima cha maziwa asubuhi na tumbo lisimsumbue, ndani ya mwili wake kuna maelfu ya miaka ya watu na wanyama kuishi pamoja. Huwezi kumwambia mtu kama huyo kwamba ng'ombe ni "chanzo cha kipato" halafu ukadhani umemaliza.

Sitaki niwadanganye kwamba zamani kila kitu kilikuwa kizuri. Uhusiano na mifugo una upande wake mbaya pia. Huko huko Sudan, kaskazini, kulikuwa na mji mkubwa unaitwa Kerma. Miaka kama 4,000 iliyopita mtu mkubwa mmoja alizikwa pale, na mbele ya kaburi lake yakapangwa mafuvu ya ng'ombe zaidi ya 4,000, mistari kwa mistari. Lothagam mapambo yaligawanyika kwa watu wote. Kerma ng'ombe maelfu walimtukuza mtu mmoja. Mnyama yule yule anaweza kuwaunganisha watu au kuwapanga kwa madaraja. Na sisi tunaotoka Kongo, Sudan Kusini, Burundi, hatuhitaji kuambiwa watu wangapi wamekufa kwa sababu ya ng'ombe walioibwa. Tumezika. Kwa hiyo sisemi mfugo ni malaika. Nasema una uzito, na kitu chenye uzito kinafaa kushikwa kwa mikono miwili.

Najua pingamizi mtakazoleta. Ya kwanza itatoka kwa vijana wenzangu: bana, watu wana njaa, wewe unaongea majina ya ng'ombe. Nakubali njaa ipo. Kwetu pia kuna siku jiko haliwaki. Lakini tazama tena watu wa Lothagam. Ziwa linakauka mbele ya macho yao, na bado walibeba nguzo za mawe kilomita nzima, na bado walipanga meno ya panya. Hawakuwa wajinga. Walijua kwamba wakati wa shida ndipo unapohitaji kujua nani ni nani, nani atakupa maji, nani atachunga wanyama wako ukiugua. Mtu akipoteza hayo mahusiano, chakula peke yake hakimrudishi.

Ya pili itatoka kwa wafanyakazi wa mashirika: sheria za kambini haziruhusu wakimbizi kufuga ovyo, na sababu zipo. Kweli, sababu zipo. Majani ni machache, maji ni machache, na mbuzi wa mkimbizi akichanganyika na mbuzi wa mwenyeji mtu anaweza kupigwa mshale. Sijaandika haya ili kesho kila mtu alete ng'ombe. Ila nawaomba msitumie sheria hiyo kama kisingizio cha kutouliza kitu chochote. Kutofuga ni jambo moja. Kufanya kana kwamba hatukuwahi kufuga ni jambo jingine.

Na kuhusu uharibifu wa mazingira, kuna jambo la Narok ambalo kila mtu anayepanga kambi angelijua. Mwaka 2018 huo huo, Fiona Marshall na wenzake walitangaza utafiti wao juu ya maboma ya wafugaji wa kale kusini mwa Kenya. Wale wafugaji walikuwa wanachunga mchana na kulaza mifugo zizini usiku. Samadi inajaa. Baada ya muda wanahama, zizi linabaki. Sasa, maeneo yale, mengine yana umri wa karibu miaka 3,700, mpaka leo udongo wake una rutuba kuliko udongo wa pembeni. Nyasi zake ni nzuri, wanyama wa porini wanakwenda kula pale. Ukitazama kutoka juu unaona viwanja vya kijani vya duara, ndani ya mbuga.

Nilisoma hayo usiku kwenye simu, nikakaa kimya muda mrefu. Watu waliokaa kwa muda mfupi, wakajua wataondoka, wakaondoka. Hatujui majina yao. Lakini ardhi waliyolalia wanyama wao ni bora kuliko walivyoikuta, na swala wanakula pale maelfu ya miaka baadaye. Sisi tunaambiwa kila siku kwamba mkimbizi akipita mahali anaacha visiki na mifuko ya plastiki. Mara nyingine ni kweli, tukubali. Lakini si lazima iwe hivyo. Binadamu anaweza kupita mahali na kupaacha pana rutuba, ikiwa amepewa nafasi ya kuishi na ardhi, si kuwekwa tu juu yake.

Naleta mfano mmoja wa hapa hapa. Kuna mama wa Kiturkana ambaye alikuwa anapita kwetu kuuza kuni. Yeye na mama yangu walikuwa wanasalimiana tu, tena kwa mbali, maana kila upande una hofu yake. Siku moja mbuzi wake alishindwa kuzaa karibu na ua wetu. Mtoto alikuwa amegeuka. Yule mama anahangaika, vijana wanasimama wanapiga picha. Mama yangu akatoka, akanawa mikono, akapaka mafuta ya kupikia, akapiga magoti kwenye vumbi. Hawakuwa na lugha ya pamoja isipokuwa maneno machache ya Kiswahili. Hawakuhitaji. Mmoja alishika kichwa cha mbuzi, mwingine akamgeuza mtoto. Akatoka hai.

Nilimtazama mama siku ile, nikaona mtu ambaye sikuwa nimemwona tangu Kivu. Mgongo umenyooka. Anaamuru. Anajua. Miaka yote hapa kambini anaitwa "mnufaika", anapanga foleni, anapokea, anaweka kidole gumba. Siku ile alitoa. Yule mama wa kuni tangu hapo akipita anaingia ndani, anakaa, anakunywa chai. Wakati wa mvua anatuletea maziwa kwenye kopo. Mtoto wangu wa kwanza aliyajua maziwa ya mbuzi kwa mkono wa mwenyeji wetu. Semina za kuishi kwa amani tumehudhuria nyingi, na soda tulikunywa, asanteni. Lakini kwetu ujirani uliletwa na mbuzi.

Kwa hiyo naomba mambo matatu, na hayahitaji pesa nyingi.

La kwanza, kwenu mnaohoji watu. Mtu akisema amepoteza mifugo, mwacheni ataje. Dakika mbili tu. Muulizeni walikuwa wa namna gani, nani alikuwa anawatunza. Mtajua mengi: kwamba huyu mama ni mkunga wa wanyama, kwamba huyu mzee anajua dawa za kupe, kwamba huyu kijana alichunga ng'ombe peke yake akiwa na miaka 7. Hayo ni maarifa, na hayaingii kwenye safu ya "hana elimu". Na wale mnaotoa ushauri nasaha, msishangae mtu akimlilia ng'ombe kabla hajaweza kumlilia kaka yake. Mara nyingine huzuni hupita mlango ulio wazi kwanza.

La pili, kwenu mnaopanga miradi. Wakimbizi wanaojua mifugo na wenyeji wenye mifugo waunganisheni. Siku za chanjo ya mbuzi, chukueni vijana wetu washike kamba na kuandika. Samadi inayojaa kwenye mazizi ya wenyeji, itafutiwe njia halali ya kufika kwenye bustani zetu za mboga, na mboga zirudi kwao. Watu wa Narok ya kale wameshatuonyesha samadi inaweza kufanya nini. Hakuna haja ya kuleta mtaalamu kutoka mbali kwa ajili hiyo.

La tatu ni letu sisi vijana, na hapa nitasema bila kupaka mafuta. Tunawacheka wazee. Mzee akianza habari za ng'ombe wake tunatazama simu. Wengine tunaona aibu kusema tulichunga, tunataka tuonekane watu wa mjini. Wakati huo huo wataalamu wanasafiri kutoka vyuo vikuu vya mbali, wanapiga magoti juani na brashi ndogo, wanatafuta kujua kutoka kwenye jino moja kile ambacho koko wako angekuambia jioni hii kwa kikombe cha chai. Mifupa inasema mengi lakini haisemi majina. Hakuna hata jina moja la mnyama wa Lothagam lililobaki. Wazee wetu bado wanayo, na wazee wetu wanazikwa hapa, mmoja mmoja, mbali na mazizi yao.

Niliamua kuanza na nyumbani. Juzi nilichukua daftari nikamuuliza mama majina ya wale mbuzi sita. Alishangaa, akacheka, akaanza kuhesabu kwa vidole. Shukuru, alikuwa mweusi mwenye kidevu cheupe. Mapendo, mtoto wa Shukuru. Mwizi, kwa sababu alikuwa anaingia jikoni. Malkia, asiyependa kukamuliwa. Tumaini, mwenye sikio lililokatika. Akafika kidole cha sita akanyamaza. Nikadhani amesahau. Nikamwambia mama, si kitu, watano wanatosha.

Akasema: "Sijasahau. Ni ule wa mtoni." Akainuka kwenda kuchochea moto, na jina hakulitaja. Sikumlazimisha. Kwenye daftari nimeacha mstari mmoja wazi.

Jioni hii, kabla hamjalala, muulizeni mama, baba, koko, au jirani mzee, jina la mnyama mmoja aliyemwacha nyumbani. Mmoja tu. Liandikeni pamoja na rangi yake. Na yule koko niliyemwambia "idadi tu", akiwa bado yuko bloku ile, wiki hii naenda kwake na daftari. Nina deni la majina nane.